Mteremko Ambao Hakuna Aliyeupima

Sampuli ni mbili tu. Moja ni ya kizazi cha 0, nyingine ya kizazi cha 500. Katika ya kwanza, bakteria wote ni wa ukoo wa kijivu. Katika ya pili, wote ni wa ukoo wa bluu. Jedwali lake lina mistari minne, na ungeweza kulichora kwa penseli: nukta huku, nukta kule, basi.

Jedwali hilo likiingizwa kwenye ggmuller, programu inayochora jinsi koo zinavyopanuka na kupungua kwa muda, kiooni kinatokea kitu cha kupendeza. Kabari ya bluu inachipuka katikati ya kijivu, ncha yake kali ikianzia kizazi cha 250. Inapanuka pole pole kuelekea kulia, na ikifika kizazi cha 500 imeimeza picha nzima.

Kizazi cha 250 hakuna aliyechukua sampuli.

Ncha hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Programu haikukosea, ilitakiwa kujaza pengo, ikalijaza. Kinachosumbua ni jinsi jicho linavyoupokea ule mteremko laini kana kwamba ulipimwa, kisha ulimi unaanza kuusimulia: "ukoo wa bluu ulijitokeza katikati ya jaribio, ukaenea taratibu." Maneno mawili yenye uzito katika sentensi hiyo, "katikati" na "taratibu", hayamo kwenye data hata kidogo.

Nusu ya njia

Mchoro wa namna hii huitwa mchoro wa Muller, na ulizaliwa ukiwa mchoro wa wazo. Mwaka 1932 mwanajenetiki Hermann Muller aliutumia kuonyesha kwamba, katika viumbe wasiozaana kwa jinsia, mutesheni (mabadiliko ya DNA) mbili nzuri zilizotokea katika koo tofauti lazima zishindane, wakati wenye kuzaana kwa jinsia wanaweza kuziunganisha katika mwili mmoja. Hakuwa na data ya kuchora. Mistari yake ilikuwa laini kwa sababu hoja yake ilikuwa laini.

Sisi tumeuchukua ule ulaini tukauvalisha vipimo.

Ukifungua ggmuller, kifurushi cha lugha ya programu ya R, utaona kinadai majedwali mawili. La kwanza ni la nasaba, lenye safu za Parent na Identity. La pili ni la idadi, lenye Generation, Identity na Population. Amri ya get_Muller_df inayaunganisha, kisha Muller_plot inachora. Ndani ya amri ile ya kwanza kuna chaguo linaloitwa start_positions, namba kati ya 0 na 1, linaloamua ukoo uhesabiwe umezaliwa wapi katika pengo kati ya sampuli ambayo haukuonekana na ile ulipoonekana mara ya kwanza. Usipoligusa, ni 0.5.

Nusu ya njia kati ya 0 na 500 ni 250. Ncha ya kabari imetoka hapo.

Weka 0.1, halafu 0.9, na utazame ncha ikihama kutoka upande mmoja wa pengo hadi mwingine, data ikiwa ileile. Ni jaribio la dakika moja, na kila anayechapisha mchoro wa aina hii angepaswa kulifanya kabla ya kuandika neno lolote kuhusu "lini".

Hesabu ya kabari

Tuseme ukoo wa bluu una faida ya 0.10 kwa kizazi, yaani kila kizazi uwiano wa bluu kwa kijivu unazidishwa kwa takriban 1.105. Muda wa kutoka 1% hadi 99% unapatikana kwa kugawanya 9.19 kwa faida. Kwa 0.10 ni vizazi 92. Kwa 0.05 ni vizazi 184. Kwa 0.30 ni vizazi 31 tu.

Sasa rudi kwenye picha yetu. Kabari imechukua vizazi 250 kupanda. Mtu akiupima mteremko huo na kurudisha hesabu nyuma, atapata faida ya takriban 0.037. Kama ukweli ulikuwa 0.10, amepata kidogo zaidi ya theluthi yake. Na ubaya zaidi ni huu: faida ya 0.05, ya 0.10 na ya 0.30 zote zinaingia ndani ya pengo la vizazi 500, na zote zinatoa picha ileile, nukta kwa nukta.

Mteremko huo ni kipimo cha ratiba ya sampuli. Uteuzi asilia hauna sauti ndani yake.

Vizazi 500 si namba niliyoitoa hewani. Jaribio la muda mrefu la mwanabiolojia Richard Lenski, lililoanza tarehe 24 Februari 1988 kwa makundi 12 ya bakteria E. coli, hugandisha sampuli kila vizazi 500. Kila siku mililita 0.1 ya kundi huhamishiwa kwenye mililita 9.9 za chakula kipya. Kundi hukua mara 100 na kurudi lilipokuwa, ambayo ni karibu vizazi 6.64. Kwa hiyo kati ya sampuli moja ya friza na inayofuata kuna takriban siku 75. Kwa kazi nyingi hiyo ni hazina isiyo na mfano. Kwa kuchora mwendo wa ukoo wenye faida ya 0.10, ni pengo linalotosha kumeza hadithi nzima.

Hadithi hiyo haianzii kwenye 1%. Wakati wa kuhamishwa, kundi la namna hiyo lina seli karibu milioni 5. Mutesheni mpya huanza ikiwa seli moja kati ya hizo. Kwa faida ya 0.10, inahitaji takriban vizazi 108 kufika 1%, mahali ambapo vipimo vingi vya kawaida vinaanza kuiona, na takriban vizazi 200 kufika 99%. Zaidi ya nusu ya safari hupita gizani. Ukoo uliofika kizazi cha 500 ukiwa umeshajaa ulizaliwa, kwa hesabu hii, kabla ya kizazi cha 300, lakini ungeweza pia kuzaliwa siku ya kwanza kabisa. Hilo ndilo jibu la kweli kuhusu "lini", na halina ncha kali.

Nani mtoto wa nani

Jedwali la nasaba ndilo sehemu ambayo programu haikusaidii, na ndilo linaloamua sura ya mchoro kuliko kitu kingine chochote.

Ukiwa umesoma DNA ya kundi zima kwa pamoja, bila kutenganisha seli, unachopata ni asilimia ya kila mutesheni. A ina 70%, B ina 60%. Jumla ni 130, kwa hiyo angalau 30% ya seli zina zote mbili, na kama kila mutesheni ilitokea mara moja tu, moja lazima iwe ndani ya nyingine. Hapo hesabu inatosha. Lakini A ikiwa 70% na B ikiwa 20%, B inaweza kuwa mtoto wa A au ndugu yake wa pembeni. Hali zote mbili zinakubaliana na namba, na picha zake ni tofauti kabisa: katika moja kuna mshindi mmoja anayeendelea kuboreka, katika nyingine kuna wapinzani wawili.

Sampuli ya baadaye ndiyo huvunja utata. A ikishuka hadi 10% wakati B imebaki 20%, B haiwezi kuwa yote ndani ya A. Zote mbili zikipanda na kushuka pamoja kwa sampuli tano au sita, ushahidi wa undugu wa mzazi na mtoto unakua. Usipokuwa na sampuli hizo, njia ya uhakika ni kuotesha makoloni kutoka seli mojamoja na kusoma DNA ya kila moja. Makoloni kumi huweza kumaliza ubishi ambao usomaji wa kundi zima, hata ukirudiwa, hauwezi kuumaliza.

Kifurushi kingine cha kuchora, fishplot, ni kikali zaidi hapa, na ukali huo naupenda. Kinapokea jedwali la asilimia, orodha ya wazazi ambamo 0 ni asiye na mzazi, na orodha ya nyakati. Jumla ya watoto ikizidi mzazi wao wakati wowote, kinakataa kuchora. Mzazi ana 50, watoto wana 30 na 22: kinagoma kwa sababu ya 2.

Kinachofuata kwa kawaida ndicho kinachonitia wasiwasi. Namba zinapunguzwa kidogo kidogo mpaka programu inyamaze, na hakuna anayeandika zilipunguzwa kiasi gani. Tofauti ya 2 inaweza kuwa kelele ya kipimo tu. Tofauti ya 15 ni programu ikikuambia kwamba nasaba uliyoandika si ya kweli. Ukipunguza, punguza kwa kanuni moja kwa watoto wote, kwa mfano kuzidisha kila mmoja kwa uwiano uleule mpaka jumla ilingane na mzazi, na uandike chini ya mchoro punguzo kubwa kabisa lilikuwa lipi.

Kuna kosa jingine la hapo hapo, hasa kwa wanaochora uvimbe wa saratani. Seli ina nakala mbili za kila kromosomu ya kawaida, kwa hiyo mutesheni iliyo kwenye nakala moja ya kila seli huonekana katika 50% ya vipande vilivyosomwa, si 100%. Asilimia ya vipande ikiingizwa moja kwa moja, kila ukoo unachorwa nusu ya unene wake na jicho linadhani nusu ya seli ni za afya. Kuzidisha kwa 2 kunatosha pale tu ambapo eneo hilo la kromosomu halijaongezeka wala kupotea nakala, na ambapo sampuli haikuchanganyika na seli za kawaida. Mambo hayo mawili yakaguliwe kwanza.

Ukoo uliopimwa 4, kisha 0, kisha 6 nao husababisha ubishi. Haukufa na kufufuka. Ulishuka chini ya uwezo wa kipimo. Ndani ya fishplot chaguo la fix.missing.clones huweka thamani ndogo sana mahali pa sifuri ili mwili wa rangi usikatike. Ni suluhisho la haki, mradi msomaji aambiwe kwamba pale palikuwa na sifuri.

Asilimia tano ni ngapi?

Programu hizi zinaipokea 5% kama 5 kamili. Kipimo hakiko hivyo.

Ukisoma vipande 100 vya DNA mahali fulani na ukoo halisi ukawa 5%, kosa la kawaida, yaani kiasi ambacho kipimo hupotoka kwa bahati tu, ni karibu asilimia 2.2. Kwa hiyo matokeo ya popote kati ya 1% na 9% hayapaswi kukushangaza. Kwa vipande 1,000 kosa linashuka hadi 0.7. Lakini vipande 1,000 kutoka kwenye DNA ya watu, nzi au mimea 50 si vipimo 1,000 huru: viumbe 50 wenye nakala mbili wana nakala 100 tu, na ukisoma zaidi unarudia kusoma zilezile. Kosa lako linafungwa na namba ndogo kati ya hizo mbili.

Njia rahisi ya kuona hili ndani ya mchoro ni kuuchora mara nyingi. Kwa kila kipimo, chota namba mpya kwa kura ya nasibu yenye asilimia na idadi ya vipande ulivyopata, jenga jedwali upya, chora; rudia mara 200. Zipitishe picha haraka haraka kama katuni. Sehemu zinazotulia ni za data. Zinazocheza cheza, hasa ncha na koo nyembamba, usizijengee hoja.

Na kama unatumia chaguo la cutoff kuondoa koo ambazo hazikuwahi kuzidi, tuseme, 2%, kiandike kiwango hicho. Picha iliyosafishwa kwa 2% na iliyosafishwa kwa 10% zinaweza kusimulia visa viwili tofauti kuhusu ushindani uliokuwepo.

Nzi 107, mstari mmoja

Hadi hapa nimesema juu ya programu zinazochora kilichopimwa. Zile zinazoigiza mageuzi, zinazopiga kura ya bahati kizazi baada ya kizazi, zina mtego wao, na mfano bora wa kuuona ni wa zamani.

Mwaka 1956 Peter Buri alichapisha matokeo ya makundi 107 ya nzi wa matunda. Kila kundi lilikuwa na nzi 16, wanane madume na wanane majike, wote wakiwa wamebeba aleli, yaani matoleo, mbili tofauti za jeni moja ya rangi ya macho. Kila aleli ilianza kwa 50%. Kila kizazi nzi 16 walichaguliwa bila kuangalia rangi. Baada ya vizazi 19, makundi 30 yalikuwa yamebaki na aleli moja, makundi 28 na nyingine, na 49 yalikuwa bado na zote mbili.

Chora wastani wa makundi yote 107 na utapata mstari ulionyooka karibu na 50% tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndani ya utulivu huo, zaidi ya nusu ya makundi yameshapoteza aleli moja daima.

Kwa hiyo uigizaji wa bahati usichorwe kwa wastani peke yake, wala kwa mstari mmoja uliochaguliwa kwa uzuri wake. Chora mistari yote kwa rangi hafifu, au chora nguzo za mgawanyo kwa kila kizazi, ambapo utaona kilima cha katikati kikibomoka na pembe mbili zikiinuka. Katika R kazi yote ni mstari mmoja unaorudiwa mara 19: p <- rbinom(107, 32, p)/32, ukianza na p ya 0.5. Andika pia mbegu ya nasibu kwa set.seed, ili mwingine aupate mchoro uleule.

Ukiuendesha huo mstari, jambo la kuvutia linatokea. Makundi yaliyofika ukingoni yanakuwa karibu 21, si 58. Msimbo uko sawa. Kilichopotoka ni 32, yaani nzi 16 wenye nakala mbili kila mmoja. Nzi wote 16 hawakuacha watoto kwa usawa, na kundi lilitenda kama dogo zaidi ya idadi yake. Shusha 32 hadi 18 au 16 na idadi inaikaribia ile ya Buri. Anayeweka idadi ya vichwa kwenye kisanduku cha ukubwa wa kundi, na ndivyo visanduku vingi vya programu hizi vinavyoshawishi, anapunguza nguvu ya bahati. Baadaye ataona mabadiliko ya haraka kwenye data yake na kuyaita uteuzi asilia.

Unene si wingi

Katika moja ya makundi 12 ya Lenski walitokea, karibu na kizazi cha 31,500, bakteria wenye uwezo wa kula sitreti penye oksijeni, chakula kilichokuwa kwenye chupa tangu siku ya kwanza bila kuguswa. Baada ya kizazi cha 33,000 kimiminika cha chupa kilipoteza uangavu wake kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, kwa kuwa kundi lenyewe lilikuwa limekua mara kadhaa.

Mchoro wa asilimia hauwezi kuonyesha hilo. Juu ni 100, chini ni 0, kabla na baada. Ndani ya ggmuller ipo Muller_pop_plot, inayotumia idadi halisi badala ya sehemu, na picha inanenepa pale kundi linaponenepa. Kama una hesabu za seli, itumie kwanza. Ukoo wa zamani unaopungua kutoka 100% hadi 20% huku kundi likikua mara tano haujapungua hata seli moja.

Pale nasaba inapochanika

Haya yote yanasimama juu ya sharti moja: kila kiumbe ana mzazi mmoja. Penye kuzaana kwa jinsia, kila kipande cha kromosomu kina mti wake wa nasaba, na kabari ndani ya kabari haina maana tena. Hapo chora mstari kwa kila aleli, na kwa uigizaji tumia zana zinazohifadhi miti mingi kwa pamoja, kama SLiM na msprime zikishirikiana na tskit. Kwa mistari ya aleli, badili mhimili wa wima uwe wa logiti, yaani logariti asilia ya uwiano wa waliobeba kwa wasiobeba. Faida isiyobadilika, kwa viumbe wenye nakala moja ya jeni, hugeuka mstari ulionyooka, na mteremko wake ndiyo faida yenyewe. Huo ni mteremko unaostahili kupimwa kwa rula, ukiwa na nukta za kutosha juu yake.

Kwa virusi, ambako Nextstrain, tovuti inayofuatilia mageuzi yake, imezoesha macho ya wengi kuona koo zikipandana, kuwa mwangalifu na ukingo wa kulia. Kati ya siku sampuli inapochukuliwa na siku mfuatano wake wa jeni unapowekwa wazi kuna kuchelewa, kwa hiyo wiki za mwisho hujengwa kwa mifuatano michache. Na asilimia ni ya mifuatano iliyosomwa, si ya maambukizi. Penye maabara nyingi huonekana zaidi.

Nguzo na nyeupe

Mchoro ninaoupendelea sasa una nguzo. Kila sampuli ni nguzo moja nyembamba yenye rangi zilizopangwa kwa nasaba, ikisimama mahali pake halisi kwenye mhimili wa muda, na idadi ya vipande vilivyosomwa ikiandikwa chini yake. Kati ya nguzo na nguzo, rangi zinaunganishwa kwa kivuli hafifu sana, au panaachwa peupe. Koo mtoto hupewa rangi za jamii moja na mzazi, zenye kutofautiana kwa mwangaza ili asiyetenganisha nyekundu na kijani azione pia. Hauna mvuto wa kabari laini. Katika mawasilisho ya dakika tano, huenda wasikilizaji wasiufuate, na hilo bado sijalipatia jibu.

Nyeupe hiyo nayo haimalizi kila kitu. Ukoo wenye faida ya 0.10 uliozaliwa kizazi cha 120 unaweza kufika 30% karibu na kizazi cha 266. Kisha ukakutana na mwingine wenye nguvu zaidi, na kabla ya kizazi cha 450 ukawa haupo tena. Kwa zaidi ya vizazi mia tatu uliishi, ukakaribia theluthi ya kundi, ukawachelewesha wengine. Hauna mstari katika jedwali la nasaba wala katika jedwali la idadi, na chupa za siku hizo zilishamwagwa. Katika picha, pale ulipokuwa, kuna kijivu na bluu tu.